Begi la kamera lililoshindwa mlimani: kisa cha mgongo wa sentimita 41

Mdogo wangu alinitumia picha mbili usiku mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya bega lake la kulia: alama nyekundu yenye upana wa vidole vitatu, imeanzia karibu na shingo ikapotelea kwapani. Ya pili ilikuwa ya begi lake jipya la kamera, limelazwa sakafuni, zipu wazi, na taulo limetandikwa chini yake linyonye maji. Akaandika: "Kaka, begi ni zuri lakini nimeshindwa nalo. Vidole viwili vimekufa ganzi tangu mchana. Safari imebakiza wiki tano. Nifanyeje?"

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila mara naulizwa begi gani zuri la kamera, na sijawahi kuwa na jibu la swali hilo. Begi la kwenda nalo porini huchaguliwa kwanza kwa mgongo wa anayelibeba, kisha kwa mkono wake unaoitafuta kamera. Kamera yenyewe inakuja ya tatu. Mdogo wangu alianza na ya tatu, kama wengi wetu tulivyoanza, na kila kilichomsumbua siku ile kilitoka hapo.

Hali ilivyokuwa

Yeye hupiga picha za ndege wa porini na za mandhari. Safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya siku tatu za kutembea milimani, na usiku mbili analala kwenye vibanda vya njiani. Hema na jiko hakuvihitaji. Begi la kulalia, mkeka wa kukunja, nguo za baridi, koti na suruali ya mvua, maji na chakula, vyote alipaswa kuvibeba mwenyewe, hakuna mpagazi.

Vifaa vyake nilivifahamu. Bodi moja, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya Canon EOS R6 Mark II, gramu 670 ikiwa na betri na kadi. Lenzi ya RF 24-105mm f/4, gramu 700. Lenzi ndefu ya RF 100-500mm, kilo 1.37 ukiondoa kola ya kufungia tripodi, ile stendi ya miguu mitatu. Na lenzi ndogo ya 16mm, gramu 165. Hapo tayari ni kilo 2.9. Ukiongeza betri nne za akiba, chaja, filta, vitambaa vya kufutia na tripodi ya kilo 1.6, unafika kilo 5.3 kabla hujaweka hata soksi.

Begi alilonunua lilikuwa la kamera hasa: sponji nene, vigawanyio vya velkro, mlango mkubwa upande wa mgongoni. Lebo ilisema lita 40. Tupu lilikuwa na kilo 2.6. Alipomaliza kupanga vifaa, nafasi iliyobaki kwa kila kitu kingine haikuzidi lita 13, kwa hiyo begi la kulalia likafungwa nje kwa kamba likawa linabembea.

Nampongeza kwa jambo moja, na nalisema bila kulipunguza: wiki tano kabla ya safari alilijaza begi kama vile anaondoka kesho, akatembea nalo saa sita. Watu wengi hulijua begi lao asubuhi ya siku ya kwanza ya safari, wakiwa hawana tena la kufanya.

Mizani na futi kamba

Nilimwomba apime kila kitu, kimoja kimoja, aniandikie. Kamera na vifaa vyake, kilo 5.3. Mengine yote, kilo 8. Begi lenyewe, 2.6. Jumla kilo 15.9. Yeye ana kilo 61. Wapanda milima wana kipimo chao cha kukadiria: kwa safari ya kulala njiani mzigo usipite asilimia 20 ya uzito wa mwili, kwa matembezi ya siku moja asilimia 10. Asilimia 20 yake ni kilo 12.2. Alikuwa kwenye 26.

Hata hivyo sikuamini kwamba uzito ndio uliompiga zaidi. Kilo 15.9 ni nyingi, lakini zikikaa mahali pake mtu mwenye nguvu zake hatembei saa mbili tu akaanza kufa ganzi. Nikamwambia achukue futi kamba apime mgongo. Mama ndiye aliyemshikia.

Inavyopimwa ni hivi. Inamisha kichwa mpaka kidevu kikaribie kifua. Pale shingo inapokutana na mabega kuna mfupa mmoja unaojitokeza kuliko mingine. Huo ni pingili ya saba ya shingo, na ndio mwanzo wa kipimo. Kisha weka mikono kiunoni kama mtu anayesubiri maelezo, vidole gumba vikielekea nyuma, ukishika kingo za juu za mifupa ya nyonga. Mstari unaounganisha vidole gumba viwili ndio mwisho. Futi kamba ifuate mkunjo wa mgongo, isivutwe ikanyooka hewani.

Mama alisoma 41. Nikamwomba arudie. Akasoma 41 tena.

Kisha wakapima begi, kuanzia mikanda ya mabega inaposhonwa hadi katikati ya mkanda wa kiuno: sentimita 49, na hakuna mahali pa kurekebisha. Mdogo wangu ana kimo cha sentimita 172, na kwa kimo hicho muuzaji alimpa saizi kubwa bila kumpima. Lakini kimo hakisemi urefu wa mgongo. Yeye urefu wake uko miguuni.

Sentimita nane hizo ndizo kisa chenyewe. Mkanda wa kiuno unapaswa kukumbatia mifupa ya nyonga, sehemu ya katikati ya mkanda ikiwa juu ya kingo za mifupa hiyo, ili sehemu kubwa ya uzito ishuke kwenye nyonga na miguu. Kwake ulikuwa unakaa juu ya makalio, chini ya mfupa, mahali ambapo hauna cha kushika. Tena ulikuwa utepe tu wa upana wa sentimita nne, hauna sponji. Kilo 15.9 zote zikaning'inia mabegani.

Na bega si mahali pa kuning'iniza kilo 15. Neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi hupita chini ya mtulinga, na mkanda wa begi hukandamiza papo hapo. Kwanza vidole hufa ganzi, baadaye mkono hulegea. Kwa wanajeshi na wapanda milima wanaobeba mizigo mizito hali hii inajulikana vizuri, na ikishika sana mkono unaweza kuchukua wiki au hata miezi kurudi katika hali yake. Nilimwambia asilivae tena begi lile likiwa na mzigo, na ganzi isipoondoka baada ya siku chache amwone daktari. Iliondoka siku ya tatu.

Watu huuona mkanda wa kiuno kama pambo, wengine huukata kabisa ili begi liwe jepesi. Ulitafutwa kwa jasho. Mwaka 1952 Dick Kelty, Mmarekani wa California, alianza kuuza mabegi yenye fremu ya alumini, na ni yeye aliyesaidia sana kuuzoesha umma kubeba uzito kwa nyonga badala ya mabega. Mwaka 1967 mpanda milima Greg Lowe akaja na begi ambalo fremu yake iko ndani, limelala karibu na mgongo. Huyo Lowe alikuwa pia mpiga picha, na jina lake ndilo tunalolisoma mpaka leo kwenye mabegi ya kamera ya Lowepro. Kwa hiyo begi la mlimani na begi la kamera walikuwa ndugu wa nyumba moja. Baadaye mengi ya kamera yakahamia mjini, yakajengwa kulinda kioo kisivunjike kati ya gari na mlango wa ukumbi, na mgongo ukasahauliwa.

Sekunde 50 kasoro

Katika matembezi yale ya majaribio, ndege mmoja mkubwa mwenye makucha alitua kwenye mti mkavu, mita kama 30 kutoka njiani. Mdogo wangu akafungua mkanda wa kifua, akafungua wa kiuno, akavua begi, akalilaza, akafungua zipu ya mlango wote, akatoa bodi, akatoa lenzi ndefu, akavua vifuniko viwili, akaifunga lenzi. Aliponyanyua kamera, mti ulikuwa mtupu.

Nilimwomba arudie kitendo hicho nyumbani huku nikimtazama kwa video, nikihesabu. Mara ya kwanza sekunde 52, mara ya pili 47. Na hapo alikuwa juu ya zulia. Porini kuna tope, kuna mteremko unaolivingirisha begi, na kuna uchovu wa saa ya tano unaomfanya mtu aseme moyoni, "acha, nitapiga mbele." Hiyo ndiyo hasara kubwa ya kamera iliyo ndani ya begi. Picha zinazokosekana kwa sababu mtu hakutaka kuvua begi hazihesabiki, maana hata hazijaribiwi.

Maji nayo yaliingia kwa njia ambayo yeye hakuitarajia. Mvua ilinyesha kama dakika 40, na begi lilikuwa limevaa kifuniko chake cha mvua. Lakini kifuniko hufunika upande wa nje tu. Upande wa mgongoni hubaki wazi, na maji yaliyompiga shingoni yalitiririka kati ya mgongo na begi, yakakutana na zipu ya ule mlango mkubwa. Zipu ilikuwa ya aina inayozuia maji, yenye utando wa mpira juu ya meno. Zipu hizo huzuia manyunyu. Maji yanayokaa juu yake kwa muda mrefu huku begi likibanwa na mgongo hupenya, hasa kwenye kichwa cha zipu ambako meno hayafungi kabisa. Alinionyesha sponji ya chini: alipoibonyeza kwa kidole gumba, maji yalipanda yakauzunguka ukucha, na alipoachia yakarudi ndani. Lenzi ya 16mm ilikuwa imelala juu ya sponji hiyo saa tatu nzima. Haikuharibika, lakini alikaa siku mbili akiichungulia kwa tochi kila jioni, na nilimwelewa. Unyevu uliofungiwa ndani ya sponji ndio kuvu wa lenzi anaoupenda.

Njia tatu tulizozipima

Ya kwanza ilikuwa kubaki na begi lilelile na kulibadilishia mkanda wa kiuno. Tuliiacha haraka. Mkanda mzuri uliofungwa mahali pabaya bado uko mahali pabaya, na mgongo wa begi lile haurekebishiki.

Ya pili ilimvutia sana: begi la safari lililotengenezwa kwa wapiga picha, lenye fremu, mgongo unaopanda na kushuka, mkanda mpana wa kiuno, na kisanduku cha sponji kinachotoka. Ni mabegi mazuri, na mlango wake wa mgongoni una faida ya kweli, kwamba unalilaza begi kifudifudi na upande wa kuvaa haugusi tope. Lakini alilolitaka lilikuwa na kilo 2.2, na kisanduku chake gramu 700. Jumla 2.9. Mtu ambaye kikomo chake ni kilo 12.2 anatumia karibu robo ya nguvu zake kubeba begi tupu. Angekuwa na bodi mbili na lenzi kubwa ya kilo tatu ningemwambia alichukue bila kusita, maana vifaa kama hivyo vinahitaji ukuta mgumu. Kwa bodi moja na lenzi tatu niliona ni anasa ya uzito.

Ya tatu ndiyo tuliyoifuata: shanta ya kawaida ya wapanda milima, lita 48, kilo 1.5, mgongo unaorekebishwa kuanzia sentimita 38, ikiongezwa kisanduku laini cha kamera cha gramu 350 kilichonunuliwa peke yake, na klipu ya kuning'iniza kamera kwenye mkanda wa bega. Sharti nililoweka ni moja: shanta ifunguke mbele kwa zipu inayozunguka. Shanta inayofunguka juu tu ni kama gunia, kufikia kamera unatoa kwanza nguo zote.

Alikuwa na hofu na kitambaa. Begi lile la kwanza lilikuwa na nailoni ya denia 840, hili denia 210, kitako denia 420. Denia ni uzito wa uzi kwa gramu ukiwa na urefu wa mita 9,000, kwa hiyo inaeleza unene wa uzi na si zaidi. Ufumaji, kitambaa kilivyopakwa na ushonaji vina neno kubwa pia. Kwa mtu anayelitua begi chini kwa mkono, 210 yenye ufumaji wa kuzuia mchaniko inatosha, ilimradi kitako kiwe kinene zaidi. Akaridhika.

Hakulinunua kwa kuliangalia. Nilimtuma dukani na kamera yake halisi pamoja na chupa za maji, akalijaza kilo 12, akapanda na kushuka ngazi kwa dakika 25. Mabegi yote yanastarehesha yakiwa matupu. Kati ya matatu aliyojaribu, moja lilimchoma kwenye mbavu kwa fremu yake dakika ya 15, na hilo ndilo lililokuwa zuri kuliko yote kwa macho.

Kulivaa na kulipanga

Kuna utaratibu wa kulivaa, na ukiuruka hatua hata begi bora litakuumiza. Legeza mikanda yote. Vaa, kisha funga mkanda wa kiuno kwanza, juu ya mifupa ya nyonga, ukaze mpaka begi lining'inie hapo. Ndipo uvute mikanda ya mabega, ilale juu ya mabega bila kukandamiza. Halafu vuta ile mikanda midogo inayotoka juu ya bega kwenda kichwani mwa begi. Ikae mshazari wa kama digrii 45, kazi yake ni kulivuta begi lisikuangushe nyuma. Mwisho mkanda wa kifua, sentimita chache chini ya mitulinga, usikaze mpaka pumzi ikabanwe. Mdogo wangu alikuwa akianza na mabega. Alipoanza na kiuno alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kaka, mkono unapita chini ya mkanda wa bega." Hiyo ndiyo dalili niliyokuwa naisubiri.

Ndani, begi la kulalia lilienda chini kabisa. Juu yake kisanduku cha kamera, kimesimama, kimegusa fremu, usawa wa kati ya mabega na kiuno. Vitu vizito vikikaa mbali na mgongo vinakuvuta nyuma, nawe unainama mbele siku nzima kuvijibu. Nguo zikajazwa mbele na pembeni ya kisanduku, zikafanya kazi ya sponji bila kuongeza gramu. Lenzi ya 100-500mm ina urefu wa sentimita 20.8 ikiwa imefungwa na kipenyo cha sentimita 9.4, kwa hiyo kisanduku kilichaguliwa kwa kipimo hicho. Lita zilizoandikwa kwenye lebo hatukuziangalia. Koti la mvua likakaa juu kabisa, kwa kuwa mvua haisubiri mtu apekue.

Kuhusu maji hatukutegemea kifuniko. Ndani ya shanta kulikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki nzito uliofungwa kwa kusokotwa shingo, na kisanduku cha kamera kikaingia kwenye mfuko wake usiopitisha maji, wa kukunja mdomo. Kifuniko kikabaki kwa ajili ya tope na kuzuia kitambaa kisilowe na kuwa kizito. Jambo moja nililosisitiza: anapotoka kwenye baridi ya asubuhi na kuingia kibandani penye joto, mfuko wa kamera usifunguliwe mpaka kamera ipate joto la chumba. Hewa yenye joto na unyevu ikigusa kioo baridi inageuka maji, na maji hayo hayachagui, yanaweza kutokea hata ndani ya lenzi.

Tripodi ilileta ubishi wa siku mbili. Alitaka kupiga nyota, nami sikuweza kumwambia nyota zipigwe kwa mkono. Mwishowe akaacha ya kilo 1.6, akachukua fupi ya nusu kilo inayosimama juu ya jiwe. Chaja na filta zikapungua gramu 200, nguo 400, maji nusu lita kwa kuwa njia ilikuwa na mahali pa kujaza, chakula nusu kilo. Betri nne hakupunguza, na nilikubali. Baridi huzipunguzia nguvu, na usiku alizilaza ndani ya begi lake la kulalia. Mizani ikasoma kilo 12.5, klipu ikiwemo.

Uwanja wa ndege ulikuwa mwepesi kuliko tulivyodhani. Shanta ya lita 48 ni ndefu mno kwa rafu za ndani ya ndege, ikapelekwa chini na mizigo. Kisanduku cha kamera kikachomolewa, kikaingia kwenye mkoba mdogo wa mkononi pamoja na betri zote za akiba. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini; zinakaa na abiria, na zilizo chini ya wati-saa 100 hazihitaji kibali. Za kamera yake hazifiki wati-saa 20. Alizibandika utepe kwenye vituo vyake vya chuma, kila moja.

Ilivyokuwa mlimani

Jioni ya kwanza alituma ujumbe: mabega salama, vidole salama, lakini nyonga ya kushoto inauma. Nikamuuliza amevaa suruali gani. Kitufe cha chuma cha mfuko wa pembeni kilikuwa chini kabisa ya mkanda wa kiuno. Kesho yake alibadilisha suruali na maumivu hayakurudi.

Siku ya pili mvua ilinyesha saa tatu mfululizo, na upepo ukaking'oa kile kifuniko cha begi mara mbili. Mfuko wa ndani ulibaki mkavu. Kisanduku alikigusa kwa kiganja upande wa chini, akanipigia picha ya kiganja.

Klipu ilifanya kile tulichokitaka. Kamera ikiwa na lenzi ya 24-105mm ilikaa bega la kushoto, na chupa ya nusu lita kulia kusawazisha. Kwa mandhari alikuwa anapiga ndani ya sekunde tano bila kusimama vizuri, na alirudi na picha za njiani ambazo safari zilizopita hakuwa nazo: ukungu unaofunguka kwa nusu dakika, wasafiri wakivuka kijito kwa mstari. Lakini asubuhi ya pili aliikuta skrubu ya robo inchi, ile inayoshika kipande cha alumini chini ya kamera, imelegea nusu mzunguko. Mtikisiko wa siku nzima unatosha kufanya hivyo. Tangu hapo anaikaza kila asubuhi kabla ya kufunga viatu, na kamba ya kamera inabaki imepitishwa kwenye mkanda wa begi hata kamera ikiwa kwenye klipu. Mahali pa kupanda kwa mikono aliirudisha ndani, kwa sababu ilikuwa inagonga mwamba.

Lenzi ndefu bado hatujaipatia jibu. Haifai kwenye klipu: ikiunganishwa na bodi inapita kilo mbili, inashuka hadi tumboni na kugonga kila hatua. Kuitoa kwa mlango wa mbele kulimchukua kama sekunde 30, na ndege wawili aliowataka hawakumpa sekunde hizo. Aliowapata ni wa alfajiri, karibu na kibanda, alipotoka nayo mkononi bila begi. Sasa tunaangalia mfuko wa kifuani utakaobeba bodi na 100-500mm vikiwa vimeungana, sentimita 30 na zaidi kwa urefu. Wasiwasi wangu ni mteremko: mfuko wa urefu huo kifuani unaficha miguu, na kwenye mawe yenye utelezi nataka aone anapokanyaga. Jumamosi anaujaribu kwenye ngazi, shanta ikiwa na kilo 12 mgongoni, na Mama atasimama chini kuangalia kama anainama kutafuta vidato.